Kasa Niliyempanda Bagamoyo

Jumatatu, 26 Mei 2025

Habari kubwa. Habari mbaya. Darasa la sita la shule ya binti yangu linakwenda Bagamoyo! Si mtaa wetu wa Bagamoyo wa hapa Tukuyu, ambako nimewahi kupanga chumba miaka mitatu. Bagamoyo yenyewe, ya Pwani. Mwanafunzi wa zamani mwenye mabasi amejitolea kuwapeleka bure, likizo ikianza tu. Wataona makumbusho. Wataona bahari. Wataona kasa wanaofugwa bwawani, na samaki ndani ya vioo.

Ikupa alirudi nyumbani anarukaruka. Akasema hatimaye atafika pale baba alipokuwa anafanya kazi. Ndizi zikanikwama kooni. Tumpe, mke wangu, akanipa maji bila kuniangalia.

Nieleze kidogo, maana humu haingii mtu mwingine. Ikupa ana miaka kumi na miwili. Tangu akiwa na mitatu nimekuwa nikimsimulia habari za ujana wangu Bagamoyo. Kwamba nilikuwa msaidizi pale makumbusho. Kwamba jioni, kazi ikiisha, nilikuwa nampanda kasa mmoja mkubwa tunazunguka naye ufukweni. Kwamba pomboo walikuwa wananitambua kwa mluzi. Alikuwa anacheka mpaka anapaliwa. Nani angeacha kumsimulia mtoto anayecheka vile?

Ukweli ni huu. Mwaka 1998 nilikuwa utingo wa lori la ndizi la kwenda Pwani. Tukafika Mikumi. Injini ikafa. Ndizi zikaanza kuiva, tukaziuza palepale barabarani, tukarudi kwetu. Tembo nimewaona. Bahari sijaiona hata siku moja.

Na sasa Ikupa ameandaa daftari la maswali. Yako kumi na manne. Swali la kumi na nne: kuwauliza watu wa makumbusho kama wanamkumbuka baba yangu, Hezron.

Lakini! Ipo nafasi ya mzazi mmoja wa kusindikiza watoto. Wazazi watapiga kura Jumamosi. Lazima niwe mimi. Nikiwepo, swali la kumi na nne halitamfikia mtu. Nitamvuta pembeni, nitamwonyesha ndege, nitaanguka nizimie ikibidi. Mtoto huyu hatarudi hapa akinitazama kama mwongo. Lazima niwe mimi!

Jumanne, 27 Mei

Nina mshindani. Ni Beatrice, mama yake Jackson, fundi cherehani. Kibanda chake pale sokoni kinatazamana na changu cha kutengeneza simu. Leo amewatangazia wateja kwamba naye anaomba nafasi hiyo. Amesema wazi kuwa hajawahi kuona bahari, anaogopa maji, na ndiyo maana anatamani kwenda. Watu wakamsifu kwa kusema kweli. Kusema kweli! Tangu lini hiyo ikawa sifa ya kuongoza msafara?

Nikafunga kibanda, nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. Anaitwa Mwalimu Aika, mama wa Kichaga, mwaka wa tano yuko hapa na mvua zetu bado hajazizoea. Nikamweleza kwamba msafara kama huu unahitaji mzoefu. Nikataja maji kupwa na maji kujaa. Nikataja pepo. Nilitaja pepo nyingi.

Alisikiliza kwa makini, akaandika kitu, akasema vizuri sana, Baba Ikupa, basi njoo Alhamisi utuandalie watoto. Dakika arobaini. Uwaeleze makumbusho ni nini, na viumbe wa baharini wakoje. Nilikubali kabla sijafikiri. Nilipofika mlangoni nikataka kurudi, lakini mvua ilikuwa imeanza, nikakimbia.

Alhamisi, 29 Mei

Nimechoka ila sijashindwa.

Niliingia darasani na boksi la sabuni na beseni. Ndani ya boksi, makumbusho: jembe la babu, sarafu ya zamani yenye tundu, na kifungo cha koti la Mjerumani. Kifungo kilipita mkono kwa mkono. Watoto walikishika kwa heshima kubwa. Kilikuwa cha koti la Tumpe, lakini koti lenyewe ni la mtumba, nani ajuaye lilikotoka.

Ningeishia hapo! Lakini nikaingia kwenye viumbe wa baharini. Nikainua ubavu wa nyangumi mchanga. Alinanuswe, binti wa muuza nyama, akauliza nyangumi huyo alichinjwa bucha gani, maana alama ya shoka inafanana na ya kwa baba yake. Nikajifanya sijasikia. Nikafunua beseni, nikawaonyesha mtoto wa papa.

Ambokile akanyoosha mkono. Baba yake ana mabwawa ya samaki kule Kyimo. Akasema, kwa adabu zote, kwamba huyo ni kambale, na anaonekana anaumwa.

Nikajibu kwamba kambale na papa ni ndugu, baba mmoja, mama mbalimbali. Darasa likalipuka. Kambale naye akaona hapo ndipo pa kuruka. Akatua miguuni kwa Mwalimu Aika, akaingia chini ya madawati, na mimi nikamfuata kwa magoti mpaka nyuma kabisa, watoto wamepanda juu ya viti.

Niliponyanyuka na kambale wangu kifuani, Ikupa alikuwa amesimama. Yeye peke yake hakuwa anacheka.

"Baba yangu alipanda kasa," akasema. "Tukifika nitawauliza wenyewe. Mtasikia."

Moyo uliniuma, nasema wazi. Pale nikaapa tena: naenda Bagamoyo, iwe isiwe.

Kambale tumemla jioni. Alikuwa mzima kabisa.

Ijumaa, 30 Mei

Nimepata njia. Mwalimu Aika ana kanuni moja: asiyehudhuria kikao hapigiwi kura. Kikao ni kesho saa tatu asubuhi. Sasa, ni kitu gani kinaweza kumtoa mama wa Kinyakyusa mjini Jumamosi asubuhi, bila kuuliza, bila kuaga? Kimoja tu. Msiba.

Saa nne nikajipitisha kwa Felista, muuza ndizi wa pale mlango wa soko, mdomo wake hauna breki. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba nimesikia kule kijijini Kinyala kuna msiba, upande wa kina Beatrice. Basi. Jina la marehemu sikutaja. Mimi si mtu wa kuua watu ovyo. Hesabu yangu ilikuwa safi: Beatrice atakwenda kesho alfajiri, maana gari la leo la Kinyala lilikuwa limeshaondoka, atakuta ndugu zake wote wazima, atafurahi, atarudi saa sita. Atakuwa amewasalimia hata wale ambao hajawaona siku nyingi. Nani kaumia?

Felista hakuuliza nani wala lini. Alifunika ndizi zake kwa gunia, akajifunga khanga ya pili kiunoni, akaondoka.

Saa tano kibanda cha Beatrice kilikuwa kimefungwa. Nilimsikia analia nyuma ya mlango. Nikageukia simu ya mteja iliyokuwa mezani kwangu, nikaifungua, nikaifunga, nikaifungua tena. Haikuwa na ubovu wowote.

Jumamosi, 31 Mei

Lo! Mimi, Mnyakyusa wa kuzaliwa, nimesahau jinsi sisi wenyewe tulivyo!

Huku kwetu msiba si wa mtu mmoja. Ukisikia kuna msiba huulizi ni wa nani. Unabeba mkungu wa ndizi, unakwenda, jina utalijulia hukohuko. Asiyekwenda kwa wenzake, siku yake atazikwa na watu wanne. Jambo hili nalijua tangu nanyonya. Na bado nikadhani ataondoka Beatrice peke yake!

Saa tatu kamili nilikuwa shuleni nimevaa tai. Hakuna mtu. Baadaye akatokea Mwalimu Aika na khanga kiunoni. Akasema kikao kimeahirishwa, wazazi wote wanakwenda Kinyala. Akashangaa kuona mimi mwenyeji nina tai na sina ndizi. Nyuma yake ilisimama pikapu imejaa akina mama, na katikati yao Tumpe wangu, amekumbatia mkungu wetu mkubwa kuliko yote. Nikapandishwa nyuma, juu ya kuni.

Barabara nzima ilikuwa watu. Wa Kiwira, wa Kyimo, wa mjini. Gari likashindwa kupanda, tukashuka tukatembea. Akina mama wakaanza kulia. Basi, kwenye kijia cha shamba la chai akatokea mzee mmoja na koti refu na fimbo. Akatupa pole. Akaungana nasi. Tulipokwenda kidogo akamwinamia Tumpe, akamuuliza polepole nani amefariki. Tumpe akamtazama usoni, akamtambua.

Alikuwa Mzee Anyosisye, baba mdogo wake Beatrice, miaka themanini na minne. Marehemu mwenyewe! Kwa kuwa hakuna jina lililotajwa, watu walikuwa wamekubaliana njiani kwamba lazima atakuwa yeye, ndiye mkubwa wa ukoo na wakati wa Pasaka aliumwa. Anaishi peke yake, simu hana, na siku hiyo alikuwa ametoka mapema; waliotangulia walikuta nyumba tupu, wakadhani mwili uko hospitali. Akatembea nasi hadi kwenye msiba wake, anawaliwaza watu. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Mimi alinishika bega, akaniambia nijikaze.

Tulipofika kwake, wa Kyimo walikuwa wameshafunga turubai. Wazee wawili walikuwa wanamzunguka ng'ombe wake, wanamkagua. Mzee akasimama. Akatazama turubai. Akatazama watu. Tukaona anaelewa.

"Ng'ombe huyo mwacheni," akasema. "Mwenyewe bado yupo."

Beatrice akatoka ndani mbio, akaanguka akamshika miguu. Alilia tu, amemshika miguu, hataki kuiachia. Mzee huyu ndiye aliyemlea tangu baba yake afe. Nilikuwa najua. Tukuyu nzima inajua. Nikaangalia kamba za turubai, jinsi zilivyofungwa.

Baadaye ikaja kesi. Kila mtu akaulizwa kasikia kwa nani. Huyu kwa yule, yule kwa huyu, mpaka wakafika kwa Felista. Felista hakutumia kidole. Alininyooshea mkono mzima. Nikasema na mimi nilisikia tu. Kwa nani? Kwa mteja. Mteja gani? Mwenye simu ndogo. Hawakuniamini.

Mzee Anyosisye hakukasirika, na hilo ndilo lililonichanganya. Alisema ameishi miaka themanini na minne bila kujua watu wangapi watakuja kumzika, sasa amewaona kwa macho yake, ndaga fijo, asante sana. Halafu akaagiza kalamu, akaandikisha majina ya wale ambao hawakuja. Akamalizia kwamba ndizi zimeshafika na watu hawawezi kurudi na njaa, kwa hiyo aliyewaita wageni atamenya.

Nimemenya tangu saa sita hadi saa kumi na moja, katikati ya akina mama, wanacheka mpaka wanajifuta machozi. Utomvu umeigeuza mikono yangu kuwa myeusi, kuanzia viganjani na kupanda. Hautoki kwa sabuni.

Beatrice alinifuata palepale nilipokuwa namenya. Nilidhani atanizaba kibao. Alichuchumaa mbele yangu, macho mekundu.

"Baba Ikupa, ulikuwa unataka nini hasa?"

Nikamwambia visu ni butu. Akaondoka.

Jumatatu, 2 Juni

Kikao. Nilisimama nikazungumza dakika saba kuhusu uzoefu, mikono mfukoni. Nilifafanua kwamba lile la Kinyala lilikuwa kosa la mawasiliano, na kwamba mimi kama fundi simu najua mawasiliano yanavyoweza kuharibika.

Kura: Beatrice ishirini na mbili. Mimi moja. Nilijipigia.

Tumpe alikuwa amekaa pembeni yangu, akampigia Beatrice, na mkono aliunyoosha juu kabisa. Njiani akaniambia nimweleze mtoto ukweli kabla hajaelezwa na wengine. Nimemwahidi nitamweleza. Natafuta kwanza namna nzuri.

Jumatano, 4 Juni

Namna nzuri imepatikana: simu! Kama siwezi kwenda mimi, basi wanaonikumbuka wataandaliwa hukohuko.

Nimetafuta namba mtandaoni, nikampata dada mmoja wa makumbusho. Sauti tamu, adabu tele. Nikajitambulisha: Hezron, nilikuwa hapo zamani. Akafurahi. Nikamwomba jambo dogo tu, kwamba Jumatatu akija binti wa Tukuyu mwenye daftari la bluu akauliza kama wananikumbuka, aseme ndiyo. Akasema yeye ameajiriwa Januari, lakini nisiwe na wasiwasi, mafaili ya wafanyakazi wote yapo, tangu mwanzo. Nimtajie mwaka tu. Akaanza kusogeza kiti, nikasikia. Anakwenda kufungua kabati!

Nikakata simu. Akanipigia yeye. Nikazima. Mkosi gani huu wa kukutana na mtu mwenye bidii ya kazi?

Jioni nikajaribu upande wa Ikupa. Nikamwambia kwa masikitiko kwamba wale wa zamani wote wamestaafu. Akafikiri kidogo, akachukua kalamu, akaandika chini ya swali la kumi na nne: kama wamestaafu, wanaishi wapi.

Jumamosi, 7 Juni

Siku ya safari. Nilifika alfajiri kwenye ukungu na begi langu la vifaa, nikajitangaza kuwa fundi simu wa msafara. Dereva, jina lake Simon, akahesabu viti mbele yangu. Vimejaa. Nikasema nitakaa juu ya injini. Akasema juu ya injini ni pa chakula cha watoto. Nikasema nitakishika chakula. Akafunga mlango.

Beatrice alikuwa kiti cha mbele, amevaa lile koti refu la Mzee Anyosisye. Inasemekana amemwazima kwa ajili ya upepo wa bahari. Basi likaondoka, watoto wanaimba. Wazazi wakatawanyika. Nikabaki na begi langu.

Hapana! Nikaita bodaboda. Nilijua Kiwira lazima wasimame kununua mahindi. Na njiani, kwa mara ya kwanza, nikaamua: namwambia ukweli. Namwambia dirishani, bora ajue hapahapa kwetu kwamba baba yake ni mwongo kuliko kuja kumgundua mbele ya wenzake mbali huko. Nilirudia maneno yenyewe njia nzima. Ikupa, mwanangu, baba hajawahi kufika Bagamoyo. Maneno sita. Machozi yalikuwa yananitoka, na si upepo tu.

Nikalikuta basi. Nikagonga dirisha la Ikupa. Akalifungua, uso wake unang'aa kabisa, akaniuliza nimesahau nini. Wenzake wakajazana madirishani. Ambokile naye yumo, ananitazama, anasubiri.

Nikafungua mdomo. Nikamwambia amsalimie yule mzee wa pale mlangoni.

Ikupa akauliza anaitwa nani. Nikasema Meshaki. Akaandika. Basi likaondoka.

Meshaki ni huyu kijana wa bodaboda aliyenileta.

Jumatatu, 9 Juni

Kwa hesabu yangu leo ndiyo siku ya makumbusho. Saa nne swali la kwanza. Saa tano swali la kumi na nne. Ilipofika saa tano nilisimama kutoka kwenye kiti bila sababu. Mteja akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia naikumbuka bahari. Nimeharibu simu mbili tangu asubuhi.

Sijakata tamaa. Nimefikiria maelezo. Inawezekana kulikuwa na makumbusho mengine, madogo, yakabomolewa. Inawezekana nilitumia jina lingine.

Jumatano, 11 Juni

Walirudi jana jioni. Ikupa amekuwa mweusi kidogo na nywele zina mchanga. Asubuhi alitusimulia mimi na mama yake. Bahari haina upande wa pili, alisema, unaangalia mpaka unachoka. Samaki wa kwenye vioo wanakuja kukutazama wao. Makumbusho waliona minyororo ya watumwa, mizito, na darasa zima lilinyamaza, hata Jackson ambaye huwa hanyamazi. La kumi na nne hakulitaja. Nikasubiri. Akanywa chai akaenda kufua sare yake.

Beatrice amefungua kibanda. Amenisalimia vizuri. Akasema nina mtoto, kisha akaendelea kushona. Nina mtoto! Ndiyo, najua. Alimaanisha nini?

Saa saba Ikupa akaniletea chakula. Akakaa kwenye kile kigoda cha wateja, akawa anapanga skrubu zangu kwa ukubwa. Hakunitazama.

"Baba, kasa hawapandwi," akasema. "Ni marufuku. Hata kumgusa tu unashitakiwa."

Nikachukua bisibisi, nikaanza kufungua simu ambayo ilikuwa imeshafunguliwa.

"Nimewaambia kina Ambokile kwamba zamani walikuwa wanaruhusu." Akapanga skrubu nyingine. "Lile la kumi na nne sikuuliza. Muda haukutosha."

Halafu akakusanya vyombo, akaniambia nile kabla hakijapoa, akaondoka.

Siku nne za safari! Walikaa huko siku mbili nzima, na muda haukutosha. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nimelia pale kibandani, nimeinamia mashine ya kuchomea ili wateja wadhani ni moshi. Mtoto wa miaka kumi na miwili amenibeba mgongoni mbele ya darasa zima, na hakutaka hata nimshukuru.

Basi, imetosha. Kesho namwambia ukweli. Maneno yako tayari, ni yaleyale sita. Na uongo nimeacha, kuanzia leo saa saba mchana.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeamka mapema kwa nia moja. Nimemwita Ikupa aje nami kibandani, tuzungumze njiani, wawili tu.

Tulipopita sokoni tukakutana na Ambokile na wenzake watatu. Wamenisalimia shikamoo kwa heshima ambayo sijawahi kuipata mjini hapa. Wakauliza enzi zile kupanda kasa kulipokuwa kunaruhusiwa ilikuwaje. Sikutaka kuwa mkorofi. Niliwaeleza kwa kifupi, kama nusu saa. Niliwaeleza pia ilivyotuuma siku walipokataza.

Tukafika kibandani. Nikamkalisha Ikupa. Nikakohoa. Nikasema Ikupa, mwanangu. Maneno mawili yakawa yametoka, yamebaki manne! Hapohapo akaingia Mwalimu Aika na simu isiyoshika chaji.

Amefurahi sana kwa safari. Ametuambia kwamba yule mfadhili amependa, mwakani anataka kuwapeleka watoto Mlima Kilimanjaro, wapande hadi kwenye kibanda cha kwanza. Na wataendelea na utaratibu uleule wa mzazi mmoja kusindikiza. Akauliza, kwa kuuliza tu, huku anatafuta chaja kwenye mkoba, kama kuna mzazi anayeujua mlima.

Sijui ilikuwaje. Nikamwambia nimeupanda. Mara mbili.

Mwalimu Aika akaacha kutafuta chaja. Yeye amezaliwa Marangu. Akaniuliza nilipandia njia gani. Nikamwambia ile fupi ya nyuma. Akasema kwao hakuna njia ya nyuma, babu yake alikuwa mbeba mizigo mlimani na hajawahi kuitaja.

Nikainama kumtafutia chaja chini ya meza.

"Ilifungwa zamani, Mwalimu," akasema Ikupa.

Mwalimu akamtazama Ikupa. Akanitazama mimi. Akaiacha simu mezani, akasema ataipitia kesho.

Kule kwingine kote nilipigana peke yangu. Sasa tuko wawili. Nimemnunulia soda, na tumeanza kuulizana mlimani kuna wanyama gani. Mtoto huyu atafika mbali.